Kigae cha Chungu cha Kwanza

Iringa, 9 Juni 1956

Mama,

Shikamoo. Natumaini hamjambo hapo Mbalizi, wewe, baba na dada Tusajigwe. Mimi mzima, ila baridi ya huku inauma.

Miaka kumi na moja sikuandika, na leo naandika kwa sababu ya shida, sikufichi. Nimeacha kazi ya kupasua mbao Mafinga. Nimejitengenezea gurudumu la kufinyangia, nalizungusha kwa mguu. Sikufundishwa na mtu. Mzee Mulji mwenye duka anataka sahani arobaini zilizonyooka kabla Agosti haijaisha. Nikishindwa, narudi kwenye misumeno.

Nimefinyanga ishirini na nne. Zikiwa mbichi zimenyooka. Nimezianika dirishani siku tatu, kumi na tisa zimepinda, ukiziweka mezani zinayumba. Nakosea wapi? Vyungu vyako havikupinda.

Ningejua zamani, lakini mlisema ufinyanzi ni kazi ya wanawake. Chungu changu cha kwanza ulikivunja wewe, kwa mkono wako, baba akitazama. Sijasahau.

Mwanao,
Isakwisa

Mbalizi, 20 Juni 1956

Mwanangu,

Marahaba. Ndaga, asante baba, kwa kutukumbuka. Sisi tupo, mgongo tu unanisumbua. Baba yako tulimzika mwaka juzi. Hatukujua pa kukuandikia. Barua yako dada yako kanisomea mara tatu. Mara ya tatu nilimwambia aruke mwisho.

Dirishani huanikwa nguo. Upande unaopigwa na upepo hukauka kwanza, kisha unamvuta mwenzake. Weka pembeni, penye kivuli, ufunike kwa majani ya mgomba. Ukingo hukauka kabla ya kitako. Ukishakuwa mgumu kidogo, geuza mdomo chini. Tandaza majivu chini yake, chombo kisinywee huku kimeng'ang'ania ubao. Kwa baridi hii, siku kumi na nane. Usipunguze hata moja.

Mama yako
(kwa mkono wa Tusajigwe)

Iringa, 17 Julai 1956

Mama,

Shikamoo. Mgongo haujambo? Habari za baba nimezipokea. Mungu amlaze pema.

Huku migomba ni ya kutafuta, nimefunika kwa magunia mabichi. Kati ya sahani kumi na mbili, tisa zimenyooka, nimezipima kwa uzi. Tatu zimepinda, na ni zile zile zilizopindika mkononi nilipokuwa naziondoa kwenye gurudumu. Nilizinyoosha pale pale, zikanyooka kabisa. Mbona zimerudi?

Habari za udongo umenijibu zote. Moja hukunijibu.

Mwanao,
Isakwisa

Mbalizi, 30 Julai 1956

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo leo tuuache.

Udongo ukipindika ungali mbichi, ukiunyoosha unakutii machoni tu. Ukikauka, unarudi pale pale ulipoumizwa. Kwa hiyo usiinue sahani kwa vidole. Finyanga juu ya kibao, uiondoe na kibao chake. Iliyopindika irudishe kwenye bonge, uikande upya.

Siku ile baba yako alikuwa ameshakata fimbo mbili. Nilikivunja mimi ili asikivunje yeye, maana yeye asingeishia kwenye chungu. Nilitaka kukuambia jioni. Jioni ulikuwa umeshaondoka.

Mama yako

Iringa, 7 Agosti 1956

Mama yangu,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma nimesimama, posta.

Nilitaka kupanda basi siku ile ile. Lakini sahani arobaini na moja ziko chini ya magunia, leo siku ya sita, na hapa hakuna wa kuzigeuza. Zimebaki siku kumi na mbili, kisha nizichome. Tarehe 28 nitakuwa kwako. Arobaini za Mulji. Moja ni yako, utaniambia kama imenyooka.

Mwanao,
Isa

Mbalizi, 18 Agosti 1956

Mdogo wangu,

Pole, baba. Mama tulimzika tarehe 15.

Haukuwa mgongo. Alilala tangu Mei, na barua zote alinitajia akiwa kitandani. Yako ya mwisho nilimsomea tarehe 12 jioni. Niliinuka niende posta nikupigie simu ya maandishi uje, akanishika nguo. Akasema, "Mwache. Akiziacha sasa zitapinda, atarudi kwenye misumeno. Nitamngoja."

Nakutumia kigae, nimekifunga kwenye kitambaa. Ni cha kile chungu chako. Kwa miaka kumi na moja hakulainisha chombo kwa kitu kingine. Ona kingo zake zilivyolika.

Chini ya majani ya mgomba kuna vyungu vyake vitatu, alivifinyanga kabla hajalala. Nilivigeuza kama alivyoagiza, na vimekauka zamani. Sijavichoma. Ukija tarehe 28 njoo na uzi wako, uvipime.

Dada yako,
Tusajigwe