Sauti ya Jumuiya

Akoth, uko? Nimefanya kitu kibaya.

Sala ya jumuiya leo ilikuwa nyumbani kwetu, hapa mtaani Lindi. Mzee Kavoi, mwenyekiti, akanipa Biblia. "Marion, sauti yetu! Warumi moja, ile ya wanaume kwa wanaume."

Kaka yangu Tonny alikuwa ameketi mlangoni. Aliniambia mimi peke yangu kwamba ni shoga. Wengine wanakisia tu.

Nikasoma. Akoth, nilisoma!

"Rudia, polepole," Mzee akasema. Nikarudia.

Katekisimu yenyewe inasema watu kama yeye wapokewe kwa heshima. Nawafundisha watoto hiyo kila Jumamosi. Mdomo wangu huu wote, na sikusema.

Tonny akaweka kitabu cha nyimbo kitini, akatoka. Simu amezima. Kawangware kwa binamu yetu Aketch hajafika.

Mama anaosha vikombe. Ananiambia, "Leo umesoma vizuri sana."