Kaka, Yule Hakuwa Chatu

Kaka Paskali,

Shikamoo. Nilitaka kuyasema haya kaburini kwako, lakini kila nikija Dirma nakuta watu, na mbele ya watu naanza tena kujifanya Mwalimu. Afadhali niandike.

Siku ile tulikuwa wawili tu shambani, tunahamisha mabua ya mahindi ya kulisha ng'ombe. Ulipoinua fungu la mwisho ukamwona nyoka amejikunja, ana mabaka ya kahawia na manjano. Ukaniita, "Mwalimu, hebu njoo. Huyu ni nyoka gani?"

Nilisimama mbali, nikatupa jicho mara moja. "Chatu mtoto huyo. Hana sumu."

Sikuwa na hakika, kaka. Chatu nilikuwa nimemwona kwenye picha ya kitabu, basi. Lakini wewe uliuza maksai wako wawili ili mimi nisome ualimu. Ningekuambiaje sijui?

Hukupenda kuua kiumbe bure. Ukainama umshike nyuma ya kichwa, ukamwachie korongoni. Akapumua kwa nguvu, fuuu, akakuuma mkono.

Hospitalini daktari aliuliza ni nyoka gani. Nikasema tena, chatu! Akautazama mkono, ulishavimba hadi begani. "Chatu hafanyi hivi. Alikuwa mfupi, mnene, kichwa kipana?" Uliitikia wewe. "Basi huyo ni kifutu, ana sumu kali."

Ukanigeukia, ukaniangalia. Siku tatu ulizolala pale, hukumwambia mtu yeyote kwamba uliniuliza mimi.

Na mimi nikanyamaza. Msibani wazee walisema, "Paskali naye alizidi. Nani anashika nyoka kwa mkono?" Nilikuwa nawamiminia chai. Niliwasikia, nikaendelea kumimina.

Mwezi uliopita ndipo nilipomwambia wifi Rehema. Alikuwa anachambua maharage, mikono ikasimama. "Muda wote huu namlaumu marehemu," akasema. Nilingoja anifukuze. Hakunifukuza. Alisema tu, "Watoto wake utawaambia wewe mwenyewe."

Nimewaambia Jumapili hii, tulipotoka kanisani. Nilishindwa kuwatazama usoni. Wadogo walilia. Elizabeti wako hakulia. Aliniuliza, "Shangazi, kwa hiyo baba hakuwa mjinga?"

Hapana, nikamwambia. Baba yako aliuliza kwanza. Mimi ndiye niliyemjibu uongo.

Akainuka akaingia ndani. Hajanisemesha mpaka leo, na simlaumu.

Pumzika, kaka yangu. Siombi unisamehe, bado sijathubutu. Nakuahidi hili: nitarudi kwa wale wazee, mmoja mmoja, niwaambie ulivyoniuliza na nilivyokujibu. Na mtoto akiniuliza darasani kitu nisichokijua, nitasema sijui, hata darasa zima licheke.

Mdogo wako,
Yasinta
Gitting