Anayesoma Aya za Mke Wangu

Bergen, mwishoni mwa Juni

Dada yangu Gunnvor,

Barua hii isome ukiwa umekaa, maana ukisoma umesimama unaruka mistari, halafu unanipigia simu kuniuliza mambo niliyokwisha kuyaandika. Goti linaendeleaje? Mama ameniambia umeanza kupanda ngazi za kanisani bila fimbo, nikafurahi sana. Na shemeji Oddvar, bado hajapatana na jirani juu ya ule mti? Mpe salamu zangu, mwambie asiukate usiku wakamwona. Sisi huku tu wazima wa mwili. Mvua tunayo ya kuwagawia ninyi wa Ålesund na bado ikabaki. Wifi yako yuko baharini kwenye vizimba vya samaki mpaka kesho, nami nimepika kahawa, nimezima redio, nimeamua kukuandikia badala ya kukupigia. Kwenye simu utanikatiza, na haya nikikatizwa sitaweza kuyaanza tena.

Siku ya karamu ya Sunniva uliniuliza kwa nini nilikaa kama mtu aliyefiwa wakati watu wote wanamshangilia mke wangu kwa kupata shahada ya udaktari. Nikakujibu jino linaniuma. Jino langu ni zima, dada. Kilichoniuma ni wivu, na nimekaa nao tangu vuli iliyopita.

Unajua jinsi tulivyokuwa tunaishi. Yeye anajua samaki, mimi najua Kiingereza. Nimewafundisha vijana wa sekondari lugha hiyo tangu nikiwa na nywele. Kila alichoandika kuhusu salmoni wake na chawa wanaowala ngozi kilipita kwanza kwenye meza ya jikoni, chini ya kalamu yangu nyekundu. Alikuwa anakaa mbele yangu anamenya machungwa, mimi nakata neno hapa, nahamisha sentensi pale, naye ananitazama usoni ajue kama nimeridhika. Nilizipenda saa zile kuliko saa nyingine zote za ndoa yetu. Sasa nikikumbuka, sioni kama niliwahi kumuuliza hata mara moja juu ya samaki wenyewe.

Vuli akaacha kuniletea. Wiki ya kwanza nikadhani amechoka. Ya pili nikamuuliza, naye akanijibu huku anavua buti mlangoni, bila kunitazama, kwamba chuo kimempa mtu wa kumsaidia kuandika Kiingereza cha kitaaluma. Mtu mwenyewe ni wa kutoka Wales, jina lake Emrys Pugh, na kazi yake ni kukaa na watafiti kusoma aya zao. Nikasema vizuri. Nikaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Basi kuanzia hapo nyumba yetu ikawa na watu watatu. Tukikaa kula, Emrys anasema aya moja ibebe jambo moja. Tukitembea, Emrys anasema sentensi ya kwanza imwambie msomaji anapelekwa wapi. Tukiwa tunakunja mashuka, Emrys anasema msomaji akifika mwisho wa sentensi mshike mkono, umwingize kwenye inayofuata, usimwache amesimama mlangoni. Siku moja nikashindwa kuvumilia, nikamuuliza Emrys anasemaje kuhusu viazi, vimeiva au bado? Sunniva akacheka, akidhani natania. Mimi nilikuwa nimeshika uma kama mtu anayetaka kupigana.

Nilimtafuta kwenye tovuti ya chuo. Mvi zimesimama, sweta limetoboka kiwikoni. Si mzuri wa sura, na hilo ndilo lililonitisha, maana mwanamke akimfuata mwanamume mzuri unajua anachofuata. Nikaanza kuhesabia makosa vitu visivyo makosa. Sunniva kanunua skafu ya kijani. Jumanne, siku yake ya kukaa na Emrys, anarudi mashavu mekundu. Nimenusa koti lake, dada. Mwanamume mzima nimesimama kwenye ukumbi wangu mwenyewe nanusa koti, na lilikuwa linanuka samaki tu.

Halafu Jumapili moja nikamkuta kwenye kochi anasoma kurasa zake huku anatabasamu. Alipoenda kupokea simu nikachungulia. Pembeni mwa aya yule mtu ameandika kwa penseli, "Unamaanisha nini hapa?" Chini yake Sunniva amejibu, mistari mingi, kwa mwandiko wake wa haraka. Chini ya hayo jamaa ameandika tena, "Ahaa! Sasa nimekupata. Liandike hivyo hivyo." Ukurasa baada ya ukurasa walikuwa wanazungumza namna hiyo, anauliza, anajibiwa, anafurahi. Kama wangekuwa wanaandikiana maneno ya mapenzi ningejua la kufanya. Ningepasua glasi, ningekuja kulala kwenu. Lakini utamfanyia nini mtu anayemuuliza mkeo anamaanisha nini?

Mwezi wa Februari akaenda kwenye vizimba, akaacha sura ya tatu ya tasnifu yake mezani. Nikaichukua. Nilijiambia naisoma tu. Lakini aya zake zilikuwa zimejaa marudio ambayo mimi huwafokea wanafunzi wangu kwayo: sentensi inaishia na "dawa", inayofuata inaanza na "dawa hiyo"; inaishia na "vifo", inayofuata "vifo hivyo". Nikasema moyoni, huyu ndiye bingwa wenu? Nikatoa kalamu nyekundu. Nikaondoa marudio yote. Dawa nikaiita dawa, kisha tiba, kisha kemikali, ili maneno yasichoshe sikio. Sentensi fupi nikaziunganisha, nyingine nikazihamisha juu ili mdundo ukae sawa. Ilipendeza, nakuapia. Asubuhi nikaomba ruhusa shuleni, nikaenda nayo moja kwa moja ofisini kwa Emrys, ili aone jinsi kazi inavyofanywa na wenye kazi.

Alikuwa anakula mkate na jibini ya kahawia. Nikamwekea kurasa juu ya meza, nikamwambia mimi ni mume wa Sunniva, na kwamba kama chuo kinamlipa mtu kuacha aya katika hali ile, basi chuo kinaibiwa. Nilisema kwa sauti kubwa zaidi ya nilivyopanga. Alifuta mikono, akavaa miwani, akasoma. Hakuwa na haraka hata kidogo. Kisha akasema sentensi zangu zina sauti tamu sana, bwana, na aliyasema hayo kwa dhati, hakuwa ananicheka. Halafu akaniuliza swali moja.

"Kwenye aya hii, samaki wameuawa na nini?"

Nikamjibu na chawa, na kwamba hata mtoto angeliona hilo. Samaki walikuwa wanakufa, kwa hiyo wakatiwa dawa, chawa wakapungua.

Akatoa kwenye droo nakala ya Sunniva isiyoguswa, akaisogeza upande wangu. Mke wangu alikuwa ameandika hivi: Samaki walitiwa dawa, na chawa wakapungua. Hata hivyo, baada ya dawa hiyo samaki waliendelea kufa. Vifo hivyo vilitokea zaidi kwenye vizimba vilivyotiwa dawa mara nyingi. Alikuwa anasema dawa ndiyo inayoua, dada. Miaka yote ile ya kulowa baharini ilikuwa ya kufikia sentensi hizo, nami kwa ajili ya mdundo nilikuwa nimetupa ile "hata hivyo" na kupandisha vifo juu, vikatokea kabla ya dawa. Na kwa kuwa dawa nimeipa majina matatu, msomaji angedhani ni vitu vitatu.

Nilikuwa bado nimeinamia kurasa hizo, mlango ukafunguliwa. Bahari ilikuwa imechafuka, boti ikawarudisha mapema, naye Sunniva alikuwa amekuja kuuliza kama anaweza kumwona Emrys siku hiyo. Alisimama pale na koti linachuruzika. Akaniona mimi, akaona kurasa zake zimegeuka nyekundu. Nilitamani apige kelele. Alizikusanya, akazipanga vizuri, akamwomba radhi yule bwana kwa Kiingereza, kisha akanigeukia akasema kwa lugha yetu, "Vaa kofia. Twende nyumbani."

Tukarudi kwa treni. Jikoni, kabla hata hajavua buti, nikamuuliza kama anampenda. Badala ya kusema hapana, alifikiri. Usiombe kusimama jikoni kwako ukimtazama mkeo anafikiri jibu la swali hilo. Mwishowe akasema anapenda kuulizwa. Akasema kwa Emrys anamaliza sentensi zake mwenyewe, lakini kwetu, hata mezani mbele ya wageni, mimi ndiye ninayemmalizia, tena vizuri mpaka watu wanapiga makofi, naye anabaki anajiuliza kama ndicho alichotaka kusema. Na akasema kwamba ningechelewa mwaka mmoja zaidi kwenda kupiga kelele kwenye ofisi za watu, pengine jibu lake lingekuwa jingine.

Nikajitetea. Nikasema siku zote nilikuwa namsaidia. Hapo ndipo aliponiambia jambo ambalo alikuwa amelificha, na ambalo wewe pia hulijui.

Unakumbuka ile makala yake ya kwanza iliyokataliwa na jarida? Alituambia sote ni kwa sababu sampuli zilikuwa chache. Mimi nilimnunulia maandazi ya mdalasini, nikawatukana wale wahariri mchana kutwa, nikasema hawajui uzuri hata ukiwapiga kibao. Sampuli zilikuwa tele, Gunnvor. Waliikataa kwa sababu hawakuelewa inasema nini. Walimjibu kwamba kila sentensi peke yake ni nzuri ajabu, lakini sentensi hazijuani. Zilikuwa sentensi zangu. Mtafiti mmoja wa Denmark akachapisha jambo lile lile baadaye, kwa Kiingereza cha kawaida tu, na leo watu wanamtaja yeye. Sunniva alibeba hayo peke yake, akaendelea kuniletea kurasa na kumenya machungwa, kwa sababu alinionea huruma. Alisema hakujua jinsi ya kuniambia bila kunivunja.

Nilikuwa nimejiandaa kwa usaliti. Kwa huruma sikuwa nimejiandaa. Nilimwonea wivu Emrys kwa sababu yeye aliambiwa ukweli na mimi nililindwa nao kama mgonjwa.

Hatukupatana siku ile wala wiki ile. Nililala chumba cha wageni mpaka theluji ikaanza kuyeyuka. Lakini jioni moja, tukiwa tunakula kondoo na kabichi, alianza kuniambia kitu kuhusu vizimba akasita katikati, kama kawaida yake anapotafuta neno, na neno nikawa nalo tayari mdomoni. Nikalimeza. Alitafuta muda mrefu, nami nikatazama sahani. Neno alilolipata silo nililokuwa nalo mimi. Nilimuuliza maana yake, akanieleza, akaeleza mpaka chakula kikapoa, na ndiyo mara ya kwanza nimeelewa mke wangu anafanya kazi gani.

Sasa unaelewa ile karamu. Asubuhi ya siku hiyo, Sunniva alipokuwa anaitetea tasnifu yake, yule profesa mama mtahini kutoka Copenhagen aliposema mbele ya ukumbi kwamba ameisoma tasnifu yote bila kurudi nyuma hata kwenye aya moja, wewe ulipiga makofi, mimi niligeuka kumtazama Emrys, na nikamwona anafuta macho kwa kiwiko cha lile sweta. Roho ikanichoma upya. Jioni Sunniva aliposhukuru watu, Emrys akatajwa kwanza na mimi mwisho. Aliposema, "Na Torleif, ambaye siku hizi ananisikiliza," watu wote walicheka, na wewe ukanikanyaga mguu chini ya meza ili nicheke pia. Sikuweza. Lilikuwa jambo la kweli kuliko yote yaliyosemwa siku ile, na lilisemwa kama mzaha.

Nimekaribia mwisho, na hili bado sijamwambia Mama. Sunniva amepewa kazi Aberdeen, ya miaka mingi, anaondoka Agosti. Aliponiambia, alisema angependa niende naye. Nilimuuliza anamaanisha nini: niende nikae, au nije kutembea, au anasema kwa adabu tu? Akanitazama kama mwendawazimu. "Namaanisha njoo, mjinga wewe. Beba viatu vyako uje."

Jana nimeacha kazi shuleni. Mkuu wa shule aliniuliza nitafanya nini huko Uskoti, nchi ambayo kila mtu anajua Kiingereza. Nikamwambia sijui. Wenzangu wanasema nimefuata mke kama mkoba. Wacha waseme. Usidhani nimepona, dada. Huko kuna profesa mmoja anamwandikia barua pepe ndefu, sijamwona hata picha na tayari simpendi. Lakini naona heri niwe na wivu nikiwa karibu naye, kuliko kuwa na amani jikoni hapa peke yangu.

Mwambie Mama taratibu, ukianza na habari ya udaktari na kumalizia na Aberdeen. Akilia, mwambie meli ipo na ndege ipo. Wabusu watoto. Mwombe Oddvar anisamehe kwa kuondoka mapema kwenye dansi. Nawapenda nyote, na wewe zaidi, kwa sababu umesoma mpaka hapa bila kunikatiza.

Mdogo wako,
Torleif