Mfuko wa Upande wa Kulia

Songea, Januari 1913

Dada yangu mpendwa Emerensiana,

Na lile uliloanza kuniuliza siku ya harusi, watu wakatukatiza, jibu lake ni ndiyo: nina furaha, dada, furaha ya kuniimbisha kinuni. Shikamoo. Natumaini kikohozi kimekuacha, na kwamba huko misheni mvua haikuangusha mahindi. Sisi wazima.

Beda wangu akitoka kazini bomani huniita jina tangu njiani, majirani wakacheka. Jioni hunisomea gazeti, kana kwamba mimi mwenyewe sikusoma, nami namwachia kwa kuipenda sauti yake.

Ila nyumba hii ya raha haina pa kuvulia nguo. Kile kimfuko cha sufi ulichonishonea, daktari wa huko misheni aliponiondolea titi la kushoto pamoja na uvimbe wake, nalala nacho. Wenzangu wakienda kuoga mtoni, nasingizia homa. Juzi mvua ilinikuta shambani, sufi ikalowa ikateremka hadi kiunoni. Nikarudi nimejikumbatia kama mwenye baridi. Mama mkwe, ambaye vita na njaa vilimchukulia wanawe wote ila Beda, hunitazama kifua akasema wajukuu wake watashiba. Mimi huinamia chungu.

Kisha Beda akataka nishonewe gauni la sikukuu ya Kaisari wa Wajerumani. Nilikataa, akanibembeleza mpaka nikacheka. Fundi Sefu, yule Myao wa Tunduru, nilimpelekea gauni la zamani apimie, nisiguswe. Jipya lilipokuja nikaligeuza. Ndani, upande wa kushoto, palishonwa mfuko wa kitambaa laini, wa kukitia kimfuko chako kikae sawasawa.

Nilimfuata Sefu nikamwuliza nani kamtuma. Hakuinua macho kwenye cherehani.

"Bwana wako, bibi. Kasema kisikuhangaishe tena."

Nililia njia nzima. Kumbe anajua, tangu lini sijui, na kanipenda kimya kimya. Lakini kimya hicho ndicho kimenifunga zaidi, maana lipo jambo hata wewe sijakuambia. Upande wa kulia pana kitu kigumu kama punje ya kunde. Hakiumi. Na kile cha kwanza hakikuuma. Aliyenipenda na titi moja, atanipenda bila hata moja? Na mama mkwe je, na wajukuu wake? Nimekaa nacho siku zote hizi, huku naimba.

Leo asubuhi nimelirudisha gauni kwa Sefu, nikamwomba aongeze mfuko wa pili, kulia. Akaacha kushona, akauliza kama bwana anajua.

"Mwambie wewe," nikasema, "kama alivyokuambia wewe mambo yangu."

Beda hupita kwa fundi akirudi. Kengele ya boma imelia kitambo. Sijasikia jina langu njiani. Nasikia hatua zake tu, za polepole, zinakuja.

Mwambie daktari anitazamie. Wabusu watoto, na shemeji umpe salamu. Nikiwa na Beda au nikiwa peke yangu, kabla ya mwezi huu kwisha utaniona mlangoni kwako.

Mdogo wako akupendaye,
Kunegunda