Mstari wa Neema

Ngokolo, Jumanne, Agosti 1999

Kosa lilikuwa langu. Ukurasa wangu wa bei za dhahabu, kwenye kompyuta ya ofisi, umerithi ukurasa alioutengeneza Neema, binti niliyefanya naye kazi, yaani umejengwa juu ya ule wake. Wa kwake unatakiwa uanze, ufungue orodha ya bei, ndipo wangu uionyeshe. Mimi nikaushusha chini mstari wa maagizo unaouita ukurasa wake, nikatanguliza wangu.

"Baba Masanja, umeusubiri ukurasa wangu uanze kwanza?" Neema aliniuliza.

"Nikusubiri wewe? Mtoto wa juzi!"

Kwetu Usukumani mdogo hamtangulii mkubwa, nikaona aibu kusubiri kazi ya binti. Ukurasa ukatoka mtupu, nikamwambia bosi Neema ndiye kaharibu. Akaachishwa kazi, akarudi kwao Geita.

Leo nimeurudisha ule mstari juu. Bei zote zikatokea. Nikageuka nimwite aje aone, nikakuta kiti tu.

Nimeikumbuka sana shikamoo yake ya asubuhi. Hata ule ubishi wake...

Kesho namwambia bosi ukweli wote. Halafu napanda basi la Geita. Nikifika nitamwomba msamaha mimi kwanza, kabla hajaniamkia.