Watu Niliowahesabu Mlangoni

Nyumba ya tatu kutoka ukuta wa uwanja wa ndege,
Jumapili, tarehe 14 Septemba.

Mpendwa Dada,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu na kwa mwanangu, ambaye ameng'ang'ania kalamu hii pamoja nami, kwa hiyo ukiona mstari umepanda juu ujue ni yeye. Hujambo lakini? Kifua kimekuachia na hiyo baridi ya huko? Na shemeji, mguu umepona? Sisi wazima. Mama magoti yanamsumbua, ila mdomo mzima: bado anamwambia fundi cherehani, jirani yetu, kwamba suruali zake hushonwa macho yakiwa yamefumbwa.

Dada, kuna jambo limenikaa kooni na hapa sina wa kumwambia.

Unaikumbuka ile kazi yangu ya wiki mbili pale uwanjani? Walitaka kujua abiria watafika wangapi miaka ishirini ijayo, ili wajue jengo liongezwe kiasi gani. Nikapewa kidude cha mkononi nikaambiwa, kila anayepita mlango huu, bonyeza. Nikabonyeza. Hata haja nilijizuia, nisimkose mtu.

Sasa kumbuka siku uliyoondoka. Nilikuwa zamu. Mlipita wewe na Mama, wajomba, shangazi na mabinti zake wote, fundi cherehani na tepu yake shingoni, na mwanangu mgongoni kwa Mama. Nililia huku nabonyeza, mara ishirini. Aliyepanda ndege ni mmoja.

Na kila msafiri alikuja hivyo hivyo, na ukoo wake mzima. Hakuna aliyeniambia wasindikizaji niwaache, nami sikuuliza.

Mwezi uliopita wapima ardhi walipita mtaani na rangi nyekundu. Jengo jipya litakuwa mara tatu ya hili, na maegesho ya magari yatafika hadi nyuma ya kibanda cha fundi. Nyumba yetu imepigwa alama chini ya dirisha la chumba tulichozaliwa. Mama huisugua kila asubuhi kwa sabuni. Haitoki.

Nilimfuata mhandisi wa mpango wa jengo nikamweleza yote, hadi mtoto wa mgongoni. Akacheka, halafu akaacha kucheka. "Binti, wewe ndiye uliyehesabu vizuri kuliko wote," akasema. "Lakini ripoti imeshasainiwa. Na nani ajuaye, labda miaka ishirini ijayo hao wote watapanda ndege." Nikamshukuru, nikatoka.

Tunatakiwa tuwe tumehama kabla ya mwaka kwisha. Wapi, hawajasema.

Mama hajui kuwa ni mimi. Alidhani kazi yangu ilikuwa kuelekeza watu kwenye foleni. Juzi akisugua ukuta akasema, "Huyo aliyetoa hesabu hii, mkono umnyauke!" Nikaendelea kumshikia ndoo. Nisaidie, Dada, nimwambieje?

Nimewaza kitu kimoja, usinicheke. Naomba uandike barua kwa mkono wako, useme tu kwamba siku ile mlipita ishirini na uliyesafiri ni wewe peke yako. Nitaizunguka mitaa, niwaombe na wengine waliosindikiza ndugu zao waandikiwe nao barua kama hiyo. Nikipata nyingi nitampelekea mhandisi. Pengine atazisoma. Uso wake haukuwa mbaya.

Wasalimie sana shemeji na wanangu. Shangazi anakusalimu, fundi naye anauliza kama koti alilokushonea linakutosha bado. Mungu akufunike huko uliko, akurudishe ukiwa mzima.

Na siku utakayorudi, tutakuja wote kukupokea kama kawaida yetu. Ila tutasimama nje, Dada. Mlangoni ataingia Mama peke yake.

Nabaki mimi, wako akupendaye,

Kitindamimba wenu