Gundi ya Uji

Jumatatu, 3 Machi
Magunia ya unga tangu saa moja asubuhi. Mgongo unawaka. Jioni nikapitia maktaba ile ya zamani mjini Thika, bado mweupe wa unga. Kuna kitabu cha kuunganisha umeme wa nyumba. Niliishia darasa la sita, nasoma polepole. Wakafunga sijamaliza ukurasa. Nikijua umeme nitaacha kubeba. Nisipojua, mgongo ndio utaamua.

Jumatano, 5 Machi
Kuazima lazima mdhamini mwenye kazi ya kudumu. Mimi kibarua wa kutoka Bungoma, nani ananijua hapa? Nilimwomba Njoroge, msimamizi wetu. Akasoma fomu mara mbili, akatia sahihi. "Wafula, hiki kikipotea nitakufuata mpaka kwenu, na kuku nitakula." Nimefika chumbani kwangu, mtaa wa Kimbo, na kitabu. Furaha ya kijinga.

Alhamisi, 6 Machi
Nimekivika jalada kama tulivyofanya shuleni. Karatasi ya mfuko wa unga. Gundi sina, nikakoroga uji mzito. Kimependeza.

Jumapili, 9 Machi
Panya. Walifuata uji. Wamekula jalada, mgongo wa kitabu na pembe za kurasa nyingi. Sikwenda kanisani.

Jumanne, 11 Machi
Njoroge: "Fundi, umefika wapi?" Nikasema katikati. Uongo. Nafikiria kutorudi maktaba kabisa. Lakini watampigia yeye. Jina lake ndilo liko kwenye fomu.

Ijumaa, 14 Machi
Nilimwambia Njoroge. Hakucheka. "Mwambie mwenye kitabu, si mimi. Leo." Nikaenda. Mama Muthoni wa maktaba akakigeuza, akakinusa. "Uji? Baba, kitabu umekipikia uji?" Wanafunzi wakacheka. Nilitamani sakafu inimeze. Kisha akasema kadi yangu ya maktaba imesimamishwa mpaka kitabu kitengenezwe, na nitakitengeneza mimi. Jumamosi hapo maktaba kuna meza ya kushona vitabu vya shule vilivyochanika. Nije na mikono safi.

Jumamosi, 15 Machi
Mezani walimu wastaafu wawili, na mimi. Walinionyesha sindano, uzi uliopakwa nta, jinsi ya kubandika pembe mpya za karatasi. Mama Muthoni akaniwekea nakala nyingine ya kitabu hichohicho, ninakili kwa penseli maneno yaliyoliwa. Neno moja moja. Swichi hukata waya wenye moto, ule unaoleta umeme, siyo ule mwingine. Sentensi hiyo niliisoma mara tatu kabla ya kuiandika. Nimeielewa.
Saa sita wakafunga. Nimebakiza kurasa nane.